Siku za Wageni Alirudi Msafi

Barua tano niliandika kuhusu vumbi la kuku wetu. Ya kwanza ilikwenda kwa mtu anayetuuzia chakula cha kuku. Nilimwambia chakula chake kimesagwa laini kama poda ya mtoto na kwamba siku moja atajibu. Ya pili ilikwenda kwa afisa mifugo, ambaye mara ya mwisho kuonekana kijijini alikuja msibani, akala, akaondoka. Ya tatu kwa diwani. Ya nne kwa diwani tena, kumkumbusha ya tatu. Ya tano niliipeleka redioni, wakasoma mistari miwili wakapiga muziki. Aliyejibu ni mmoja tu, yule wa chakula. Alipiga simu kuuliza nahitaji mifuko mingapi.

Jumla nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne. Ufagio wa banda lile sikuwa nimeushika hata siku moja.

Banda lenyewe ni ghala la zamani. Marehemu baba alilijenga hapa Mogitu kwa matofali ya kuchoma, aweke ngano yake mwenyewe baada ya miaka kumi na moja ya kubeba magunia ya ngano ya watu katika shamba kubwa. Ngano yake haikuwahi kulijaza. Baba alikufa mwaka 1991 kwa kukohoa, na kwenye karatasi waliandika neno moja, "kifua", kana kwamba kuwa na kifua ni ugonjwa. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Ghala likabaki na popo hadi miaka sita iliyopita, mke wangu Letisia alipoliomba. Alianza na kuku hamsini. Sasa wako mia tatu na ishirini, wote wa mayai, na katika mji wetu ndicho kitu pekee ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu ni Letisia. Shamba ni la ukoo. Ng'ombe ni wangu na kaka zangu. Kuku ni wa Letisia.

Ndiyo maana siku ile nilipompeleka zahanati kwa kikohozi chake, daktari alipotaja kuuza kuku, mke wangu hakulia wala hakubisha. Alifungua khanga kiunoni akaifunga upya, polepole, akaikaza mpaka nikadhani itachanika.

Daktari Verediana ni binti mdogo, mwembamba, hana mchezo. Alikuwa amempa Letisia kile kibomba cha plastiki cha kupuliza, chenye kishale kinachosogea kuonyesha nguvu ya pumzi. Letisia alipuliza mara tatu. Kishale hakikuvuka mia moja na tisini.

"Mwezi wa tano ulikuwa mia mbili na kumi," daktari alisema. "Dawa ya kuvuta unatumia?"

"Asubuhi na jioni, daktari. Sijaruka."

"Makohozi tumepima mara mbili, TB hakuna. Mama, ni vumbi la kuku. Dawa inazima moto, halafu wewe kila alfajiri unakwenda kuuwasha upya." Akanigeukia. "Na baba, nasikia wewe ndiye unayeandika barua."

"Ndiyo mimi. Yule mwenye chakula, daktari, kama ungeona jinsi anavyosaga..."

"Ngoja. Banda anafagia nani?"

Nikamtazama Letisia. Letisia akatazama dirisha.

"Sawa," daktari alisema. "Nawapa wiki nne. Wiki mbili za kwanza mama asiingie bandani, hata kuokota yai moja. Katika wiki hizo mtafute namna ya kulituliza hilo vumbi. Wiki mbili zinazofuata arudi kwenye kazi yake, akiwa amevaa barakoa, kisha aje hapa apulize. Akifika mia mbili na hamsini huku anafanya kazi, mimi nanyamaza. Akiwa chini ya hapo, kuku wauzwe wote. Mapafu hayauzwi dukani."

Tulirudi kwa miguu. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unashuka kutoka mlimani, ule unaopenya sweta mbili, na Letisia alisimama mara nne njiani akijifanya anafunga kiatu. Viatu vyake ni vya kutumbukiza. Havina kamba.

Mara ya nne alisema, "Baba Brightness."

"Naam."

"Safari hii usiandike barua."

Kesho yake niliamka kabla ya jua. Lazima niseme kazi ile ilikuwaje, maana mkosaji wake wa kwanza hayupo katika zile kurasa kumi na nne.

Mama yangu mzazi, Bibi Restituta, anampima mwanamke kwa mistari ya ufagio. Letisia alipoletwa hapa kutoka Masieda, miaka thelathini iliyopita, alifundishwa hivyo wiki ya kwanza: jua likifika mlangoni, uwanja uwe umechorwa mistari ya ufagio kama kitambaa kipya, maana mgeni hapigi hodi mara mbili kwa watu wachafu. Ghala lilipogeuka banda, sheria ile ikaingia na kuku. Chini tulitandika makapi ya ngano, kwa sababu yapo tele na ni ya bure, na kila alfajiri Letisia aliyafagia yakiwa makavu, kutoka ukutani kuja katikati, akayasawazisha, akayachora mistari. Kila Jumapili baada ya misa mama alisimama mlangoni na kitenge chake kizuri, akakagua, akaguna. Mguno mmoja maana yake vizuri.

Mkosaji wa pili ni mimi. Mwezi wa sita, baridi ilipoanza, nilipanda ngazi nikaziba matundu yote ya hewa chini ya paa kwa magunia. Niliyashindilia kwa mti. Kuku akipata baridi anapunguza mayai, kila mtu anajua. Nilishuka najisifu, nikamwita Letisia aje aone kazi ya fundi.

Basi nikashika ufagio. Nilikuwa nimefagia robo tu niliposikia kengele za ng'ombe nje. Ilikuwa saa ya Gidamis kupita. Huyu ni jirani yetu Mbarbaig, rika langu, hupitisha mifugo yake nyuma ya ghala kila asubuhi kwenda majini, na miaka yote hiyo hajawahi kumwona kuku akamhesabu kuwa ni mfugo.

"Ee, Bona!" alipaza sauti kupitia wavu wa dirisha. "Mwanaume wa Kimbulu na ufagio! Unajifungua lini?"

"Ingia usaidie."

"Niingie kwenye nyumba ya ndege? Mnyama gani huyo hana kwato, hana maziwa, ukimpigia mluzi anakimbilia jirani!"

Nilitaka kumjibu. Nilivuta pumzi ili nimjibu vizuri, na hapo ndipo nilipokosea. Jua lilikuwa limefika kwenye matundu ya misumari ya bati, na kila tundu lilishusha mwali, na kila mwali ulikuwa mnene kiasi cha kutundikia nguo. Vumbi halikuwa linaruka tu. Lilikuwa limesimama. Makapi, unyoya uliosagika, kinyesi kikavu, unga wa chakula, vyote vimening'inia hewani, havina pa kutokea. Mlango niliokuwa nimeingilia sikuuona tena. Nilikohoa, na kila nilipomaliza kukohoa nilivuta lingine, mpaka nikapiga magoti kati ya kuku walionishangaa. Nilitoka kwa kupapasa ukuta.

Nje alikuwepo Gidamis akicheka mpaka fimbo inamponyoka. Na alikuwepo mama, amesimama na kibuyu cha maziwa, amekuja kumjulia hali mkwe wake.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sauti ya chura.

Hakuitikia. Kwetu mzazi asipoitikia shikamoo unaanza kutafuta umekosa nini tangu utotoni. Gidamis naye akaacha kucheka. Mama aliweka kibuyu chini, akanisogelea, akapitisha kidole gumba juu ya nyusi yangu, akakitazama kile kidole. Kilikuwa cheupe.

"Baba yako alikuwa anarudi hivi," alisema.

Nikakaa kwenye jiwe. Na nikaanza. Maneno hayo nimeyasema kwenye mikutano tangu mwaka 1994, na mara mbili nimetolewa nje kwa ajili yake, kwa hiyo yanatoka yenyewe: miaka kumi na moja, mama, ndani ya ghala bila dirisha, bila kitambaa cha puani, magunia mia kwa siku, na walipomchosha wakaandika kifua, na yule karani wao wa mapokezi, jina lake nalijua, aliyesema labda ni sigara, na baba sigara hakuijua hata harufu...

"Nyamaza," mama alisema.

Nikapangusa vumbi machoni.

"Hakurudi hivyo siku zote. Siku za wageni alirudi msafi."

"Wageni gani?"

"Wazungu waliokuwa wanakuja kukagua mashine. Na wakubwa kutoka mjini. Siku hizo nguo zake zilirudi hazina vumbi. Zilikuwa na mafuta. Wewe hujui, wewe ulikuwa shule, nguo nilifua mimi. Vumbi linatoka na maji. Mafuta yanagoma. Nikamgombeza, nikamwambia umelala wapi mpaka unapata mafuta kwenye suruali? Akasema wakija wageni wanaamriwa wamwage maranda chini, maranda yaliyochanganywa na mafuta kidogo tu, ndipo wafagie. Vumbi linalala. Wageni wasije wakapiga chafya."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hakukuwa na wageni," mama alisema.

Mimi ninayekumbuka majina ya makarani waliokufa. Mimi ninayekumbuka nani alikaa kiti gani kwenye kikao cha mwaka 1996. Hili sikulijua, kwa sababu halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Lilikuwa kwenye suruali, na suruali ilifuliwa. Walijua! Dawa ya vumbi walikuwa nayo ndani ya pipa, palepale ghalani, na walifungua kifuniko siku ambazo pua zilizoingia mle zilikuwa za maana. Miguu ilikwishasimama kwenda kutafuta kalamu. Barua ya sita ningempelekea nani, sijui; ofisi zile siku hizi zina mbuzi ndani. Lakini ningeiandika.

Ndipo Letisia akakohoa ndani ya nyumba. Ni kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayejificha asisikike.

Nikaacha kalamu. Nikaenda jikoni kuchukua mafuta ya alizeti.

Kabla ya mafuta nilipanda ngazi. Gidamis alishika chini, ng'ombe wake wakila majani ya uzio wangu, na nikaanza kuyatoa magunia matunduni, moja baada ya jingine, yakimwaga vumbi kichwani kwake.

"Nani aliyeziba haya?" aliuliza.

"Mimi."

"Ng'ombe wangu hata mjinga ana matundu mawili ya pua. Wewe viumbe mia tatu umewaziba yote."

"Shika ngazi."

"Nashika. Nauliza tu."

Matundu ya juu niliyaacha wazi pande zote mbili, hewa iingie huku itokee kule juu ya vichwa vya kuku. Upande wa mlima, chini, nilitundika gunia wavuni ili upepo usiwapige wakiwa wamelala. Saa ileile miale ya jua ndani ya banda ilianza kusogea, ikawa nyembamba. Kazi ya dakika arobaini. Mwezi mzima mke wangu alivuta pumzi ndani ya gunia nililolifunga mimi.

Kisha mafuta. Nilichukua lile bomba la mgongoni tunalopulizia maharage, nikalisuuza, nikaanza kumimina.

"Baba Brightness!" Letisia alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, mita kumi kutoka mlangoni, amejifunika blanketi, asiruhusiwe kusogea. Ndipo alipofanya ofisi yake wiki zile mbili. "Hilo lilikuwa na dawa ya wadudu! Unataka kuniponya mimi uue kuku?"

"Nimelisuuza."

"Limekunywa sumu miaka mitatu, wewe unalisuuza kwa kikombe kimoja?"

Gidamis akasema yeye analo zuri, karibu jipya, analoogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Letisia alimtazama mpaka akalirudisha pendekezo lake mwenyewe.

Nikampigia simu binti yetu Brightness, ana saluni Katesh. Jioni mwenye bodaboda akaleta chupa mbili za kupulizia nywele, za rangi ya waridi, moja ina picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu. Asubuhi iliyofuata nilianza kupuliza: maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo, tone la sabuni vichanganyike, tikisa, puliza. Ghala lina hatua ishirini na mbili kwa kumi. Kufika saa nne kidole changu cha shahada kilikuwa kimejikunja hakikunjuki, na nilikuwa nimemaliza kona moja. Lakini kona ile! Kuku walioga vumbi mle kama kawaida yao, wakajipigapiga, na vumbi halikupanda juu ya magoti yangu.

Sasa mtu mwenye akili angeongeza chupa. Mimi nilichukua ndoo. Nilisema kama kidogo kimefanya hivi, kingi kitafanyaje? Nikamwaga, nikazungusha kwa kopo banda zima, nikamaliza kwa robo saa, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu ukifungua mlango macho yalitoka machozi. Makapi yalikuwa yameshikana kama ugali uliolala, na harufu ya mkojo wa kuku ilitoka kukulaki kabla hujafika. Kuku walisimama kwa mguu mmoja kwa kuchukia. Nilizoa kwa koleo siku nzima, nikatoa karibu theluthi moja ya sakafu, na Letisia kwenye kigoda chake alicheka hadi ikabidi avute dawa.

"Umeambiwa mafuta kidogo, wewe umeleta mafuriko," alisema alipopata pumzi. "Lete kiganja kimoja hapa. Lete, nione."

Nikamletea makapi machache. Akayakamata, akafinya, akafungua mkono. Yalibaki donge.

"Umezidisha. Ukifinya, yashikane kidogo, ukifungua yamwagike. Yakimwagika kabla hujafinya, ni makavu. Miaka sita nimefuga, kitu hiki ungeniuliza mimi."

"Mbona hukusema?"

"Uliandika barua tano. Ipi ilikuja kwangu?"

Nikarudi kwenye koleo langu.

Kuanzia hapo nilifanya alivyosema yeye kutoka kigodani. Makapi yote yaliyobaki tuliyanyunyizia kwanza, ndipo tukayatoa, na mahali pake tukaleta maranda kutoka kwa fundi seremala, yale marefu yaliyojikunja, si ya unga wa msumeno. Brightness alitafuta Katesh bomba jipya ambalo halijawahi kuonja dawa, na Letisia akaandika juu yake kwa rangi nyekundu KUKU TU. Chakula sikukirusha tena kutoka juu kama mtu anayetoa sadaka. Nilikichanganya na vijiko vichache vya mafuta, nikakishusha chini taratibu mpaka midomoni mwao. Yule mwenye chakula bado anasaga laini kupita kiasi, na lalamiko hilo sijaliondoa. Lakini kwa siku mara moja tu nilipuliza, ukungu mwembamba, huku natembea kinyumenyume kuelekea mlangoni. Ufagio ulibaki kwenye msumari.

Jumapili ya pili mama alikuja baada ya misa. Nilimwona anatoka barabarani na kitenge chake. Ndani kulikuwa na maranda, yamelala ovyo kama yalivyopenda, hayana hata mstari mmoja. Mama alisimama mlangoni. Kisha akaingia, kitu ambacho hafanyi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye msumari akautoa ufagio.

"Mama," nikasema, "daktari amekataza..."

"Ufagio mzuri huu," alisema. "Nitafagilia uwanja wangu." Akautia kwapani. Alipofika kwenye kigoda cha Letisia alisimama. "Mwanangu, kule ndani umevuta vumbi kwa ajili ya macho yangu."

"Hapana, mama."

"Ndiyo. Usinibishie, mimi ni mkubwa." Akaenda zake. Miaka thelathini, nilikuwa sijamsikia akimwita Letisia mwanangu.

Jumatatu Letisia alirudi bandani. Barakoa yake ya zahanati, kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Mimi nilibaki nje, chini ya matundu, nimeegemea ukuta. Nataka nieleze nilichokuwa nafanya pale. Nilikuwa nahesabu. Kabla ya yote haya, asubuhi moja ya mwezi wa sita nilihesabu vikohozi arobaini na tatu kabla hajamaliza kuokota mayai, nikaenda nikaandika idadi hiyo katika barua ya nne.

Jumatatu: kumi na moja. Jumanne: tisa. Jumatano: tisa. Nikaanza kulala kidogo. Jumamosi: nne. Kisha Jumanne ya wiki ya pili kipanga alipita chini sana juu ya bati, kivuli chake kikaingia dirishani, na kuku mia tatu na ishirini wakaruka kwa pamoja. Nilisikia mabawa kama bati linang'oka. Letisia alitoka mbio akiwa ameshika kifua, akainama ukutani, na nilihesabu mpaka kumi na saba nikaacha, kwa sababu kikohozi kile kilikuwa kimegeuka kuwa cha baba.

"Nimepona," alisema, bado ameinama. "Kipanga tu. Usiniangalie hivyo."

Zilibaki siku sita.

Siku ya zahanati njia nzima nilitazama viatu vyake. Alisimama mara moja. Alikuwa ameona kitunguu kizuri kwa mtu anayeuza.

Daktari Verediana alimpa kibomba. Letisia akavuta pumzi, akapuliza. Mia mbili na thelathini.

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, na mtu alikuwa ameifagia ikiwa kavu. Vumbi lilikuwa limekusanyika chini ya benchi. Niliona kuku wakipakiwa kwenye matenga. Niliona ghala na popo.

"Mama, hewa inakutoka pembeni," daktari alisema. "Ziba kwa midomo yote. Simama wima. Puliza kama unamfukuza mtu."

Letisia akasimama. Akanitupia jicho mimi, sijui kwa nini mimi, akapuliza. Kishale kiliruka kama panzi. Daktari akakisogeza kibomba karibu na uso wake, akakigeuza.

"Mia mbili themanini na tano. Tena."

Mia mbili na themanini.

"Tunachukua ya juu," daktari alisema, akaandika. "Na umekuwa ukifanya kazi?"

"Kila siku. Muulize huyu, anasimama nje kama askari."

"Dawa endelea. Barakoa endelea. Mwezi ujao urudi." Akafunga daftari. "Nilisema nitanyamaza. Nimenyamaza."

Nina maneno mengi, watu wote wa Hanang wanajua. Nilikaa kwenye benchi, nikafuta uso kwa kofia. Letisia alikuwa bado ameshika kibomba.

"Daktari, naomba nipulize tena," alisema. "Mara moja tu. Nimeanza kukipenda."

Tulirudi na vitunguu. Jioni ile mama alituma maziwa, na kibuyu kilikuja na ujumbe: je, kuku wapo? Wapo, tukajibu.

Asubuhi iliyofuata nilijikuta nimesimama palepale chini ya matundu. Miguu ilikuwa imezoea. Kengele za ng'ombe zikaja, na nyuma yake Gidamis, fimbo mabegani.

"Bona! Umesimama kama mwizi wa mayai."

"Nasikiliza."

Akasimama karibu yangu, akategesha sikio. Ndani Letisia alikuwa anamgombeza kuku mmoja aliyelalia mayai ya wenzake, anamwita mvivu, anamwita mbeya, anamwambia atampikia wageni. Aliendelea kumgombeza kwa muda mrefu, bila kukata sentensi hata moja.

"Sisikii kitu," Gidamis alisema. "Mwanamke anagombana na ndege. Unasikiliza nini?"

"Hichohicho," nikasema.